Jibu: Wiki ya 36, nianze likizo au nisubiri uchungu?

Anza sasa, mdogo wangu. Sheria inakuruhusu kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na siku 84 za malipo ni haki yako. Mapacha ni 100.

Mimi nilisubiri. Uchungu ukanishika usiku wa manane huko Mpwayungu, gari hakuna, mume wangu anagonga milango akitafuta bodaboda. Sikutakii usiku ule.

Umesema shangazi yako anakaa Dodoma mjini: toka Kibaigwa mapema, uende kwake na kadi ya kliniki, khanga safi na nguo nzito za mtoto, maana baridi ya mwezi wa saba unaijua. Chupa ikipasuka au ukiona damu, usingoje kupambazuke.