Diplôme d'État ya Bukavu mkononi, aanzie wapi Nairobi?

Dada, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 20, aliyefika kutoka Bukavu, Congo, na Diplôme d'État yake (cheti cha kumaliza sekondari kwetu), akubali kurudi Form Three kama mwalimu mkuu alivyokushauri, au atafute kibarua kwanza. Mimi ni wa Uvira, naishi Kayole. Asirudi sekondari.

Mimi nilirudishwa Form Two wakati kwetu nilishamaliza mwaka wa tano. Hesabu nilizijua, Kiingereza ndicho sikukijua. Swali la fizikia nililolifanya Uvira kwa Kifaransa bila jasho, hapa nililikodolea macho mpaka karatasi zikakusanywa, na jirani yangu wa dawati alikuwa mtoto wa miaka kumi na tano. Kiswahili chetu kinatufikisha sokoni na kwenye matatu (ingawa makanga wanakicheka), lakini mitihani huku ni ya Kiingereza. Basi tatizo likiwa lugha, asome lugha. Makanisa na mashirika ya wakimbizi huwa na madarasa ya jioni, mengine bure kabisa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba karatasi zetu hazisomeki hapa. Kwetu 50% umefaulu, na ukipata 63% unamwagiwa poda mpaka kope zinakuwa nyeupe na mtaa mzima unaimba. Binamu yangu alipeleka 63% yake kwenye chuo kimoja hapa Nairobi. Karani akapitisha kidole juu ya namba, akauliza, "Hii ni C ama ni D?", akaisukuma irudi chini ya kioo. Simlaumu sana, fomu yake ilikuwa na nafasi ya gredi tu.

Kwa hiyo tafuta mtafsiri anayetambulika aitafsiri kwa Kiingereza, halafu omba KNEC, baraza la mitihani la Kenya, wailinganishe na cheti cha Kenya. Kama diploma yenyewe bado haijatoka Kinshasa, kama ilivyo kwa wengi wetu, tafsiri atestasioni (cheti cha muda cha kuthibitisha amefaulu) pamoja na matokeo ya shule ya miaka ya mwisho. Karatasi halisi usimwachie mtu yeyote, hata akikuambia anajuana na nani huko ndani.

Usidhani karatasi hizo ni za masomo peke yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, ila taaluma yake iwe inatambuliwa na mamlaka za Kenya. Unaona tunarudi palepale kwenye karatasi. Kibali cha kazi cha daraja M hakilipiwi, lakini kinataka barua ya mwajiri, na mwombaji awe ameshakubaliwa kuwa mkimbizi. Kama bado anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi, hapo hana njia ya mkato. Na waajiri wengi hawajawahi hata kukisikia hicho kibali. Wakiona kitambulisho cha mkimbizi wanakuambia "tutakupigia".

Kama ana mkono wa kazi, iwe kushona, kusuka au kuchomelea, kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi. Wanapima unachofanya. Mke wangu alisuka nywele miaka mingi akilipwa kwa kichwa, mwenye saluni akijikatia nusu. Alipopata cheti cha Grade III, hakuna aliyemuuliza tena alisoma wapi, na sasa anakodi kiti chake mwenyewe. Kanjo, askari wa kaunti, bado wanamsumbua, lakini hao wanasumbua kila mtu.

Chuo kikuu kinaweza kungoja. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, na havidai gredi ya C+ kama chuo kikuu. Tafsiri ianze wiki hii, maana ndiyo inayochelewesha watu. Nitumie faraghani picha ya atestasioni, uzibe jina, nikuambie kama kuna muhuri unaokosekana.