Mapunye ya Januari na maneno ya mwalimu

Jana usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwanangu kaanza darasa la kwanza, kichwani ana mabaka meupe, nywele zinakatika. Nampaka dawa wiki ya tatu sasa, haponi." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Huyo nilikuwa mimi.

Mwanangu alikula likizo ya Desemba kwa bibi yake Muheza. Binamu sita, mkeka mmoja, kitana kimoja. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa wakapelekwa wote kwa kinyozi, mashine ile ile. Katikati ya Januari nikaliona baka la kwanza nyuma ya sikio. Nikanunua dawa ya kupaka. Jirani akasema kitunguu saumu, nikasugua. Mwingine akasema limau, nikakamua. Mtoto alilia mpaka nami nikalia.

Lakini kilichoniuma hasa ni mwalimu wake. Mbele ya wazazi wenzangu akaniambia: "Mama, mtoto aogeshwe." Mimi, ninayemwogesha asubuhi na jioni! Wifi yangu naye akapata la kusema. Miaka minne imepita, bado nikikumbuka natetemeka.

Kituo cha afya daktari aliuliza swali moja tu: "Ya kumeza umempa?" Kumbe fangasi wa mapunye huingia mpaka ndani ya shina la unywele, na dawa ya kupaka peke yake haifiki huko. Akaandikiwa griseofulvin, dawa ya kumeza ya fangasi, kwa uzito wake, ameze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Wiki 8. Wiki ya tatu kichwa kilishaonekana kizuri, nikataka kuacha. Sikuacha. Leo yuko darasa la tano, na nywele zake mkizigusa mtaniambia.

Kwa hiyo mama mwenzangu, acha kujaribu jaribu. Mapunye si uchafu, ni kuambukizana: kitana, kofia, mashine. Ya kumeza, tena umalize. Narudia, umalize! Na akishaanza dawa hana haja ya kukaa nyumbani. Mwambie mwalimu hivyo, kwa sauti, na wazazi wenzako wasikie.

Mengine ya msimu huu mnayajua. Akihara, ORS, ile ya pakiti ya kuchanganya na maji, na zinki siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limetulia. Akirudi kutoka kijijini na homa, kapime malaria kwanza. Macho mekundu, kama yale yaliyotutesa Dar Januari 2024, usimtie chai wala maziwa ya mama. Mikono ioshwe, taulo kila mtu na lake.

Dada uliyeniandikia, kesho nenda na watoto wote wa nyumba hiyo wakaangaliwe vichwa, hata wasio na baka. Na kile kitana kitupe leo.