Wapeleke na swali mfukoni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ziara za shule kwenda makumbusho zinafundisha kweli, au zinamaliza tu fedha za wazazi?" Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja hapa Ujiji, Kigoma, na nimewapeleka wanafunzi makumbusho mara mbili. Mara ya kwanza fedha za wazazi zilipotea. Mara ya pili hata shilingi moja haikupotea. Naomba nieleze tofauti ilitoka wapi.

Tulikokwenda mara ya kwanza sitapataja. Tulikuwa na wanafunzi 62 na walimu watatu. Mwongozaji alikuwa na kundi jingine linamsubiri mlangoni, basi akatangulia akitaja majina ya vitu, na wanafunzi wakamfuata mbiombio wakinakili vibao kwenye madaftari. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu zaidi ya migongo ya wenzao. Dakika 40, tukawa tumetoka. Jumatatu nikauliza darasani, mliona nini? Wakanisomea vibao. Nikawaambia wafunge madaftari, nikauliza tena. Walichokumbuka ni chipsi mayai tulizokula njiani. Iliniuma sana, maana kuna mama mmoja aliweka akiba ya mauzo ya dagaa miezi miwili ili binti yake apande lile basi. Na kosa kubwa lilikuwa langu: niliwapeleka bila kuwaandaa, nikadhani vitu vitajieleza vyenyewe.

Safari ya pili tulipanga kwenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200 za reli, karibu siku mbili unapita Uvinza, Tabora, Dodoma. Huwezi kumsafirisha mtoto umbali huo akanakili kibao. Tukachukua 28 tu, michango ikalipwa kidogo kidogo tangu Januari, na nafasi mbili tukaziweka kwa watoto ambao kwao hali ni ngumu. Maandalizi tulianza miezi mitatu kabla.

Tulianzia mwaloni, Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki. Watoto wa Kigoma wanaishi juu ya makumbusho ambayo haina paa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lina umri wa mamilioni ya miaka, na samaki wake wa jamii ya perege ni zaidi ya aina 200, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Lakini mtoto anayemwona samaki kila siku anamwona kama kitoweo tu. Mvuvi mmoja alitutolea samaki mdogo ambaye kazi yake ni kula magamba ya samaki wenzake. Ukimtazama kwa mbele, mdomo umepinda upande. Wengine umepinda kulia, wengine kushoto, na upande uliopinda ndio unaoamua atamshambulia mwenzake ubavu gani. Wanafunzi walimzungusha mkononi, wakabishana, wakamgeuza tena. Hakuna aliyefungua daftari, nami sikutaka walifungue. Nilitaka jicho lizoee kukaa mahali pamoja.

Juma lililofuata tulikwenda kwenye kichuguu nyuma ya shule, kila mmoja na bua lake la nyasi. Hapo Gombe, kaskazini mwa mji wetu, mwaka 1960 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alimwona sokwe akichomeka bua kwenye tundu la kichuguu, akalitoa limejaa mchwa, akawala. Hadi wakati huo wataalamu wengi walishikilia kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake. Wanafunzi wangu wakajaribu. Baada ya nusu saa, waliofanikiwa kuvua mchwa ni watatu. Bua likiwa laini linajikunja, likiwa nene haliingii, ukilivuta kwa haraka mchwa wanabaki ndani. Wale waliokuwa wakicheka sokwe wakanyamaza. Jioni ile nikawagawia vikaratasi, kila mtu aandike swali moja ambalo angependa makumbusho imjibu, na akiweke mfukoni mpaka siku ya safari.

Jambo jingine la lazima ni barua. Niliandika mapema kwa makumbusho nikaomba mambo mawili: tuingie kwa makundi ya watoto saba saba, na turuhusiwe kuketi sakafuni. Walikubali yote. Walimu wenzangu, ombeni. Wahusika hawawezi kujua mnachotaka kama hamjasema.

Kundi langu lilikaa mbele ya fuvu la Zinjanthropus, lile ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi miaka milioni 1.75 hivi iliyopita. Katika vitabu vya Historia vya Kidato cha Kwanza ni mstari mmoja wa kukariri. Pale sakafuni niliwaambia dakika kumi za kwanza hakuna kuandika wala kuuliza. Dakika ya nne au ya tano msichana mmoja akanigusa bega: "Madamu, mbona utosini kuna kama tuta?" Ni kweli. Katikati ya utosi mfupa umeinuka, mwembamba, kutoka mbele kwenda nyuma. Mwongozaji, dada mmoja mtulivu, hakumjibu moja kwa moja. Alisema, "Wekeni vidole kwenye panja, halafu tafuneni." Watoto saba wakaanza kutafuna hewa. Wakausikia msuli ukicheza chini ya vidole. Akawaeleza kwamba kwetu sisi msuli ule unaishia ubavuni mwa kichwa, ila kwa kiumbe huyu ulipanda mpaka juu kabisa, na lile tuta ndipo ulipojishikiza. Wakatazama magego yake, mapana kuliko ya mtu yeyote wanayemjua, na wakaelewa bila kuambiwa kwamba huyu alikuwa mtafunaji hodari.

Alitafuna nini? Mmoja akasema mihogo mibichi, mwingine akasema kokwa. Dada yule alifurahi. Akasema hata wataalamu walidhani kokwa kwa miaka mingi, mpaka kemia ya meno yake ilipochunguzwa ikaonekana alikula zaidi nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Hapo niliona nyuso zikibadilika. Walikuwa wamegundua kwamba mtaalamu naye hubahatisha, kisha hurudi kujisahihisha.

Halafu kuna kijana mmoja, mpole, darasani haongei. Swali lake la mfukoni halikuwa karatasi peke yake. Alitoa gamba la konokono aliloliokota ufukweni Ujiji, limejisokota na lina miiba midogo, akamwonyesha mwongozaji: "Shikamoo dada. Hili ni la ziwani kwetu, lakini linafanana na ya baharini. Kwa nini?" Dada akaitikia, akaliomba, akaligeuza mkononi. Akamwambia kwamba mwishoni mwa karne ya 19 kuna mtaalamu wa Kiingereza aliyesafiri mpaka Tanganyika kwa sababu ya swali hilo hilo, akiamini ziwa letu liliwahi kuungana na bahari. Sivyo ilivyokuwa. Konokono wamekaa ziwani muda mrefu mno, wakiwindwa na kaa na samaki wenye nguvu ya kuvunja magamba, na waliokuwa na magamba magumu ndio waliosalia na kuzaa. Yule kijana alisikiliza mdomo wazi. Kutoka hapo mpaka jioni wenzake walikuwa wanamfuata yeye kuuliza.

Vitu vingine vingi vya makumbusho hatukuviona, na sijutii. Tulikaa saa tatu, na kila kundi lilitazama vitu vinne au vitano.

Kwa shule ambazo Dar es Salaam au Arusha haziwezekani, msiache kabisa. Jumba la kumbukumbu hapa Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, linafikika kwa miguu kwa shule nyingi za mjini, na wenzetu wa Tabora wana tembe ya Kwihara, nyumba alimokaa Livingstone. Ni historia zaidi kuliko elimu viumbe, lakini zoezi la kukaa na kitu kimoja ni lile lile. Elimu viumbe yenyewe mnaweza kuianzisha shuleni. Sisi tuliomba kabati kuukuu lililokuwa stoo, fundi akalitia kioo. Rafu ya juu kuna magamba ya konokono, na gamba la yule kijana liko mbele, na jina lake, na tarehe aliyoliokota.

Mwezi uliopita mama yake alinifuata sokoni. Baada ya salamu akaniambia, "Mwalimu, siku hizi nyumbani kwangu kichwa cha sangala hakitupwi. Anakichemsha mpaka nyama itoke, anakianika juu ya bati, na akinikuta nataka kukitupa tunagombana." Nikamwuliza kama anakerwa. Akafungua mfuko wa rambo aliokuwa ameushika, akanikabidhi kichwa kimoja, kikavu, kimefungwa kwa gazeti. "Huyu amesema umpe nafasi rafu ya chini."