Je, bahari yetu inaweza kupoza vituo vya data?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nasikia vituo vya data vya Ulaya, yaani majengo yaliyojaa kompyuta za kuhifadhi na kuchakata taarifa, hula umeme mwingi, na vingine hupozwa kwa maji ya bahari. Je, sisi wa Mombasa hatuwezi kufanya vivyo hivyo? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Umeme huo ni mwingi kweli: nchini Ireland, vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita mwaka 2023, ilhali mwaka 2015 vilitumia asilimia 5 tu. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka joto, nalo lisipoondolewa mitambo huharibika. Huko Hamina, Finland, Google iligeuza kiwanda cha zamani cha karatasi kuwa kituo kinachopozwa kwa maji baridi ya Ghuba ya Finland. Na mjini Odense, Denmark, joto la kituo cha Meta, kampuni inayomiliki Facebook, husafirishwa kwa mabomba ili kupasha nyumba za watu.

Bahari yetu ni vuguvugu hata wakati wa kusi, kwa hiyo haipozi kwa wepesi huo, wala hapa hakuna anayehitaji kupashiwa nyumba. Nafuu yetu ni kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. La kuiga, kwa maoni yangu, ni sheria: tangu mwaka 2023 Umoja wa Ulaya unavitaka vituo vyenye mahitaji ya kilowati 500 au zaidi vitangaze matumizi yao ya nishati na maji. Hapa Mombasa, ambako mitaa mingi hungojea maji ya mfereji kwa siku kadhaa, takwimu za maji ndizo ningetaka zitangazwe kwanza.