Kugeuza wimbo wa 128 kuwa 320

Hapana ndugu yangu, usijisumbue. Umeuliza kama nyimbo zako za MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kwa kila sekunde ya muziki) zitasikika vizuri zaidi ukizigeuza kuwa 320. Hazitasikika. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizinasi kwa urahisi, na kilichotupwa ndiyo kimekwenda. Programu ya kugeuza haina pa kukitoa. Tena inabana sauti upya, kwa hiyo unaweza hata kupoteza kidogo zaidi.

Piga hesabu. Dakika moja ya muziki wa CD ni kama megabaiti 10. Kwa 320 ni 2.4, kwa 128 haifiki hata 1. Wimbo wako wa dakika 4 utatoka kwenye megabaiti 4 kasoro hadi karibu 10, simu ijae bure.

Ukitaka kuona tofauti, vaa spika za masikioni usikilize matoazi ya ngoma. Kwenye faili iliyobanwa sana yanachuruzika kama maji, ule mlio wa chuma haupo. Mimi nikishausikia mchuruziko huo mara moja siwezi kuuvumilia tena.

Kama CD unayo, inakili upya moja kwa moja kwa 320. Kama huna, pakua nakala bora ukiwa kwenye Wi-Fi, bando lako lisiishe. Zile za zamani ziache zilivyo mpaka upate mbadala.