Mkubwa anaongea, wewe nyamaza

Mmeuliza wiki hii: "Malezi ya nyumbani yanakusaidia au yanakukwamisha kazini?" Mimi nasema yanakupangia kiti kabla hujafika. Mimi ni kifungua mimba katika watoto sita. Kila ofisi niliyoingia, mwezi haukwisha kabla sijawa mwandishi wa kumbukumbu za vikao, mtunza michango na msuluhishi wa waliokosana. Hakuna aliyenituma.

Lakini kinachoniuma ni kingine. Nilikuwa mhasibu mwenye miaka miwili tu kazini, mkurugenzi akawasilisha bajeti mbele ya bodi. Ukurasa wa nne, jumla ya mishahara ilikuwa ya miezi 11, si 12. Niliiona. Nikaizungushia duara kwa kalamu, nikarudia, nikarudia tena mpaka karatasi ikatoboka. Lakini mzee anaongea, na kwetu mzee akiongea hata kikohozi unakimeza. Bodi ikapitisha. Mwisho wa mwaka fedha za mishahara hazikutosha, wenzetu watatu wa mkataba wakaondolewa. Mmoja alikaa meza ya pili kutoka kwangu. Aliniachia kikombe chake cha chai, akanishukuru kwa wema wangu.

Kwa miaka mingi niliwalaumu wazazi. Mtafiti wa Uholanzi, Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, alionyesha kwamba jamii hutofautiana katika kuzoea pengo kati ya bosi na walio chini yake. Nikasema, basi ndiyo sisi. Ila ninapoandika haya nakumbuka ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, Machi 27, 1977, ndege mbili zilipogongana uwanjani. Rubani wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alianza kuruka bila ruhusa. Mhandisi wa ndege akauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, akajibiwa kwa mkato kuwa imetoka, naye hakuendelea. Walikufa watu 583. Na kwa vipimo vya Hofstede, Uholanzi ni miongoni mwa nchi ambazo pengo hilo ni dogo.

Kwa hiyo siwezi tena kuwatwika wazazi wangu mzigo wote. Mkurugenzi aliyefuata alikuwa akianza kikao kwa kuwauliza wadogo kwanza, na mimi yuleyule, mwenye malezi yaleyale, nikaongea. Sisemi kila ofisi itafanana na yetu, wala heshima niliyofunzwa siitupi. Ndiyo inayofanya watu waniamini na fedha zao. Ila anayeongoza kikao anahusika kuliko nilivyokubali nilipoanza barua hii.

Leo naongoza kitengo cha watu saba. Aliye mdogo kuliko wote ndiye anayeanza. Jumatatu alinyamaza kwa muda mrefu, nami nikamsubiri.