Kukosea Makusudi: Namna Ninavyocheka na Binti Yangu Tunaposoma

Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 3, nilikuwa nikimsomea kwa sauti ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, kama msomaji wa taarifa ya habari, naye alikuwa akishuka mapajani mwangu kabla hatujafika ukurasa wa 4. Jioni moja, kwa sababu ya uchovu, nilisoma kwamba fisi amepanda mnazi, ilhali pichani aliyepanda alikuwa kima. Alinitazama, akaitazama picha, kisha akaangua kicheko: “Mama, si fisi, ni kima!” Kitabu hicho tulikirudia mara 3 usiku huo, na tangu hapo nimekuwa nikikosea makusudi.

Mtoto hawezi kulichekea kosa asilolijua. Ili acheke anaposikia kwamba paka amebweka, sharti awe amekwisha kujua kwamba anayebweka ni mbwa, na ndiyo maana kicheko chake hunieleza alichokielewa kuliko maswali ambayo ningemuuliza baada ya hadithi. Ninashauri makosa yasizidi mawili katika kitabu kimoja, tena yawe katika maneno aliyoyazoea. Ukishakosea, nyamaza. Usitabasamu wala usimwonyeshe picha. Mwache agundue mwenyewe, hata kama kimya kitakuwa kirefu, kwa kuwa furaha yote imo katika kumsahihisha mtu mzima.

Kiswahili nacho kimetujalia tanakali za sauti, ambazo wazazi wengi tunazipita haraka mno. Sungura akianguka majini ni chubwi, akianguka matopeni ni tapwi, na akianguka mchangani ni tifu. Mimi hufika kwenye neno “akaanguka”, nikasita, nikamwachia binti yangu amalizie; na anaposema “chubwi” kwa sungura aliyeanguka mchangani, tunajadiliana kwa dhati kabisa kama mchanga ule ulikuwa na maji. Vitanza ndimi pia vinafaa, hasa kile cha kakuku kadogo ka kaka, mradi nawe ukubali kujikwaa mbele yake.

Kuna jambo moja ninalolijutia. Aliwahi kusema “kipepepo” badala ya “kipepeo”, nami nikacheka kwa sauti mbele ya wageni. Kwa siku kadhaa alikataa kulitamka neno lile, na kila tulipoufikia ukurasa wenye kipepeo aliufunika kwa kiganja. Mtoto mdogo hutambua upesi kama anachekwa au anachekeshwa, kwa hiyo makosa ya kuchekwa yawe ya fisi, ya sungura au yako wewe msomaji. Yake yasahihishe kwa kulitamka neno vizuri katika sentensi inayofuata, kisha uendelee kusoma.

Hadithi za kuchekesha huzisoma mapema, mara baada ya chakula cha jioni. Nikizichelewesha, usingizi humpaa, basi kitabu cha mwisho kabla ya kuzima taa huwa cha utulivu, nami hukisoma kama kilivyoandikwa, neno kwa neno.